Nataka kufungua chuo cha PSW hapa Ontario, usajili unaanzia wapi na mshauri wa kweli anafanya nini?

MamaSalum_Brampton

Habari zenu wapendwa, naomba mawazo na kama kuna mtu amepita njia hii anishike mkono. Mimi ni nesi, RPN, nipo Brampton, kwetu Tanga. Nafanya kazi nyumba ya wazee na mara nyingi mimi ndo napewa wale PSW wapya, yaani wahudumu wa kuwasaidia wazee na wagonjwa, niwaelekeze, namna ya kumgeuza mgonjwa, kumwogesha bila kumvunjia heshima, kutumia ile mashine ya kumnyanyulia, kuandika ripoti ya zamu. Naipenda hii kazi ya kufundisha sana. Ninachokiona ni kwamba wengine wanakuja na cheti mkononi lakini hawajawahi kugusa kitanda cha mgonjwa, na baadhi yao ni dada zetu kabisa, wamelipia kozi kwenye besimenti ya mtu, hela ya kubeba maboksi usiku, halafu mwajiri anakikataa kile cheti na hamna pa kwenda kulalamika.

Sasa mimi na mwenzangu mmoja tumejichanga, tunataka tufungue chuo kidogo cha PSW, darasa moja la kuanzia, kiwe cha halali kabisa. Kuna kaka tumeletewa anajiita mshauri wa vyuo, anasema ana paketi nzima, anafungua kampuni, analeta mtaala, anatusajilia chuo serikalini na anatuletea wanafunzi kutoka Nairobi na Dar. Anataka tumlipe nusu sasa hivi, na anasema tuanze kupokea advansi za wanafunzi wakati maombi yanashughulikiwa ili hela izunguke. Moyo unasita jamani.

Naomba mnijibu, usajili wenyewe unaanzia wapi, hiyo ya kupokea hela kabla inaruhusiwa au vipi, na je mtu anayesaidia vyuo kwenye mambo ya usajili kazi yake halali inaishia wapi?

Karatasi_Safi

Shikamoo mama Salum. Kwanza huyo kaka msimpe hata senti, nitakueleza sababu.

Mimi kazi yangu ndo hii, nasaidia vyuo vidogo huku GTA, yaani Toronto na miji inayoizunguka, kuandaa maombi na baada ya hapo kukaa sawa na kanuni mwaka hadi mwaka. Sheria yenyewe ya vyuo vya binafsi vinavyofundisha kazi, vinaitwa career colleges, ni ya mwaka 2005, ilianza ikiitwa Private Career Colleges Act, siku hizi jina limebadilishwa ni Ontario Career Colleges Act, 2005. Chini yake kuna kanuni, O. Reg. 415/06, hiyo ndo iprinti uisome mwenyewe na peni mkononi, usisimuliwe na mtu yeyote hata mimi, maana kila kitu watakachokuja kukukagua kimo humo. Ipo bure kwenye tovuti ya sheria za Ontario. Anayesimamia ni afisa wa serikali wanamwita Superintendent, yupo chini ya wizara ya vyuo.

Kitu ambacho watu wengi hawakielewi ni kwamba kuna vibali viwili tofauti. Kuna chuo kusajiliwa, na kuna kila programu kupitishwa peke yake. Unaweza ukawa umesajiliwa na bado huruhusiwi kufundisha PSW kwa sababu programu haijapita. Na kampasi nayo inahesabiwa, ukifungua tawi Hamilton hilo tawi linaombewa lake, huwezi kusema sisi tayari tuna karatasi ya Brampton.

Kuhusu hela kabla ya kibali, jibu ni hapana. Sio advansi, sio ada ya fomu, sio "shikilia nafasi", hata kutangaza hairuhusiwi, hata ile kuposti kwenye grupu la WhatsApp la kanisa au la msikiti kwamba tunaanza Septemba karibuni mjiandikishe. Ukifanya hivyo umeshaendesha chuo kisichosajiliwa, na hao wa wizara wana uwezo wa kukupa amri ya kusimamisha na faini, na majina wanayaweka kwenye tovuti yao kila mtu anaona. Halafu ndo uje uombe usajili kwa ofisi ileile ambayo imeshakuandika. Mtu anayekushauri hivyo hakupendi, au haijui sheria, na yote mawili yanatosha kumkimbia.

La wanafunzi kutoka nyumbani nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona wazazi wanauza kiwanja. Januari 2024 serikali ya Kanada ilitangaza ukomo wa vibali vya wanafunzi wa kigeni, kila jimbo likapewa mgao wake. Ontario ilipogawa mgao wake mwezi Machi mwaka huohuo, asilimia 96 ilienda kwa vyuo na vyuo vikuu vya umma na career colleges hazikupewa kitu, sifuri. Na hata kabla ya hapo mtu aliyemaliza career college ya binafsi alikuwa hapati ile ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo, PGWP. Kulikuwa na njia ya mlango wa pembeni, chuo cha umma kinashirikiana na cha binafsi, nayo kwa Ontario ikafungwa kwa wanaoanza kuanzia tarehe 15 Mei 2024. Kwa hiyo anaposema atawaletea watu wa Nairobi na Dar, mwulize atawaleta kwa kibali gani, kwa barua gani ya jimbo. Ataanza kuzunguka. Wanafunzi wenu wapangeni kuwa watu ambao tayari wapo hapa, raia, wenye PR yaani ukaazi wa kudumu, waliokubaliwa ukimbizi. Na hao wapo wengi tu Brampton, hamna haja ya kusumbua mtu Kariakoo.

Sasa mshauri halali. Anakaa na nyie mnaandika. Anasoma kanuni na kukuonyesha wapi mpango wenu hautoshi. Anaandaa folda, sera, mikataba, anakagua faili za walimu, anakufanyia ukaguzi wa majaribio kabla wa kweli hawajaja. Lakini mwombaji ni wewe. Imeli ya wizara inakuja kwako, nywila ya akaunti ya maombi unayo wewe, sahihi ni yako, na kosa likitokea ni lako. Hakuna mtu anayeuza usajili, hakuna mtu "wa ndani". Akikwambia wewe tulia mimi nitamaliza kila kitu, jua siku ya ukaguzi utakuwa umekaa mbele ya mtu anakuuliza sera yako ya kurudisha ada na wewe hujawahi kuiona.

Dereva_wa_401

Mambo MamaSalum. Mimi ni Mkenya niko Milton, siko kwa mambo ya PSW lakini kwa shule za malori hii story ni ileile kabisa. Tangu tarehe 1 Julai 2017 huwezi enda kufanya roadtest ya leseni ya A kama hujamaliza ule mafunzo wa lazima, masaa 103.5, na shule nyingi zinazofundisha lazima ziwe zimesajiliwa chini ya hiyo sheria amesema Karatasi hapo juu. Lakini bado utapata mtu ako na lori moja kwa parking ya plaza anakuambia nipe cash nitakusort. Vijana wetu wanapeana pesa, masaa hayajafika nusu, anaandikiwa amemaliza. Huyo kijana ataingia hii highway kubwa ya 401 na mzigo wa tani nyingi usiku kwa theluji. Hii si mambo ya makaratasi peke yake jamani, watu wanakufa.

Kitu moja nimeona kwa wale wanafanya vizuri, wana mtu mmoja kazi yake ni rekodi tu. Nani alikuja darasani, aliingia saa ngapi, alitoka saa ngapi, alikaa na mwalimu gani, alisaini. Kila siku, si mwisho wa mwezi mkikumbuka. Inspekta akikuja hakupi notisi ya wiki mbili, anataka kuona faili ya mwanafunzi fulani sasa hivi.

Nabintu_Ottawa

Jambo wandugu. Miye niko Ottawa, natokea Bukavu. Nataka niseme upande wa mwanafunzi kwa sababu wenye kufungua vyuo wanasahau.

Nilisoma PSW kwenye koleji moja ya binafsi, sitaitaja jina. Tulikuwa katikati ya masomo, bado hatujaenda kwa wazee kufanya mazoezi, asubuhi moja tunafika mlango umefungwa, karatasi imebandikwa. Wamama tulilia pale nje. Mwingine alikuwa amekopa franga kwa familia, mwingine aliacha kazi ya usafi ili asome. Lakini kwa sababu ile koleji ilikuwa imesajiliwa, tulisaidiwa. Kuna mfuko wa serikali ambao vyuo vyote vinalipia, TCAF, na wale wa wizara walitutafutia koleji ingine ya kumalizia, na wale ambao hawakutaka kuendelea waliomba kurudishiwa. Haikuwa haraka na ilitaka mtu akuwe na mkataba wake na risiti zake. Miye nilikuwa navyo kwa mfuko wa plastiki nyumbani. Kuna dada alilipa mkononi bila risiti, ule aliteseka sana.

Sasa hao wa besimenti wakifunga, nani atakulipa? Hakuna. Ule mfuko hauwajui. Mama Salum kama utafungua, wape wanafunzi karatasi yao yote siku ya kwanza na uwaelezee kwa Kiswahili kama hawasikie Kingereza vizuri. Siye wengi tulisaini vitu hatukusoma.

Karatasi_Safi

Dada Nabintu pole sana, na asante, umesema kitu ambacho ningekaa nacho ukurasa mzima. Huo mfuko kirefu chake ni Training Completion Assurance Fund. Kila chuo kilichosajiliwa kinachangia, na juu ya mchango kinaweka dhamana ya fedha kwa ajili ya siku kikianguka. Mama Salum hiyo dhamana iingize kwenye bajeti yenu mapema, wengi wanapiga hesabu ya kodi ya jengo na vitanda vya mazoezi wanaisahau, halafu wanakwama mwishoni wakati kila kitu kingine kiko tayari. Pia watataka mpango wa biashara na makadirio ya hesabu yaliyoandaliwa na mhasibu mwenye leseni, sio ile Excel ya shemeji.

Mkataba wa mwanafunzi ndo roho ya mambo yote. Lazima uwe wa maandishi, uwe na jina la programu, tarehe, ada zote zimeorodheshwa moja moja, na mwanafunzi apewe pamoja nao tamko la haki na wajibu wake, sera ya kurudisha ada, utaratibu wa malalamiko, sera ya kufukuza mwanafunzi, na tangu Januari 2017 sera ya ukatili wa kingono. Ada kurudishwa imewekwa na kanuni, huwezi kuandika ya kwako. Mwanafunzi akibadili mawazo ndani ya siku 2 tangu apokee nakala ya mkataba, akaandika barua, unamrudishia zote. Akijitoa baadaye lakini kabla masomo hayajaanza, unaruhusiwa kubaki na asilimia 20 ya ada au dola 500, ile iliyo ndogo. Tuseme ada ni dola 7,000, asilimia 20 ni 1,400, kwa hiyo unabaki na 500 tu basi. Akishaanza na hajafika nusu ya programu unamrudishia sehemu ambayo hajasoma baada ya kutoa hiyo ya mwanzo, akivuka nusu hapo hudaiwi tena. Ukikuta chuo kimeandika "ada hairudishwi kwa hali yoyote" jua hata kanuni hawajaifungua.

Na rekodi, kaka Dereva amegusa penyewe. Transkripti ya mwanafunzi inatunzwa miaka 25. Miaka 25! Yaani mtoto atakayezaliwa mwaka huu atakuwa mtu mzima na bado mama yake ana haki ya kuja kuomba transkripti yake ya PSW. Kwa hiyo unahitaji mpango wa mtu mwingine wa kuzitunza hata chuo kikifa, hilo linaulizwa kwenye maombi.

Upande wa programu ya PSW sasa. Vyuo vya binafsi vingi vinatumia mtaala wa NACC, chama cha kitaifa cha career colleges, na una mtihani wake wa mwisho. Mwalimu wa darasani awe nesi mwenye usajili, wewe RPN upo vizuri hapo, lakini cheti chako cha College of Nurses of Ontario kiwe hai na nakala iwe kwenye faili, pamoja na wasifu na ushahidi wa miaka ya kazi. Nimeona mwalimu mzuri sana anakataliwa kwa sababu barua ya mwajiri wa zamani haisemi alifanya kazi kuanzia lini hadi lini. Programu inapitiwa na watathmini wa nje, mmoja mtaalamu wa fani na mwingine mtaalamu wa elimu ya watu wazima, na hao lazima wawe huru, sio mwenzako wa biashara, sio mimi niliyekuandikia.

Kinachoangusha wengi lakini ni fildi. Mwanafunzi wa PSW lazima akafanye kwa vitendo nyumba ya wazee na kwenye jamii, chini ya usimamizi, na wewe chuo ndo unatakiwa kuwa na makubaliano ya maandishi na hizo nyumba. Nyumba za wazee zimejaa maombi kutoka vyuo vya umma na vya binafsi. Usianze kutafuta baada ya kusajiliwa. Anza kesho, hapohapo unapofanyia kazi, nenda kwa mkurugenzi wa uuguzi umwambie una mpango huu, uliza masharti yao, idadi wanayopokea kwa mara moja, chanjo wanazotaka, polisi cheki. Darasa lako ukubwa wake utaamuliwa na nafasi za fildi, sio na viti ulivyonunua. Chuo kinachopokea watu 30 kina nafasi za fildi 8 kinazalisha wale wale wenye cheti ambao hawajagusa kitanda.

Mzee_wa_Surrey

Niongezee tu kwa walio British Columbia, huku sheria ni nyingine, Private Training Act, na wasimamizi ni kitengo cha serikali ya jimbo kinaitwa PTIRU, zamani kiliitwa PTIB. Msichukue haya ya Ontario mkayaleta huku mkadhani yanafanana neno kwa neno.

MamaSalum_Brampton

Mungu awabariki wote, marahaba Karatasi. Nabintu mdogo wangu umenitoa machozi. Huyo kaka nimemtumia ujumbe kuuliza kibali gani cha wanafunzi wa nje, amesoma hajajibu.

Nina maswali mengine. Mwenzangu anasema tuanze na kozi ya siku moja ya huduma ya kwanza na CPR, ile ya kumzindua mtu moyo ukisimama, wakati tunasubiri, hiyo nayo ni kosa? Pili, tunaweza kuahidi kazi, maana kweli mimi nina waajiri wawili wananiambia niletee watu? Tatu, OSAP, ile misaada na mikopo ya serikali ya Ontario kwa wanafunzi, maana wanafunzi wetu wengi hawana ada yote mkononi. Na nne, tumeshaona jengo zuri karibu na kituo cha basi, mwenye nyumba anataka tusaini miaka mitano wiki hii.

Karatasi_Safi

Kozi iliyo chini ya saa 40 haihesabiwi kuwa programu ya kazi inayohitaji kibali, kwa hiyo huduma ya kwanza ya siku moja fanyeni, ila mkufunzi awe na kibali cha shirika linalotoa hivyo vyeti, na msijiite career college kwenye bango, na msiitumie kukusanyia majina na hela za PSW. Hapo kwenye mwisho ndo wengi wanateleza, mtu anakuja kwa CPR anaondoka amelipia "nafasi" ya PSW.

Kuahidi kazi hapana, hata kama waajiri ni wa kweli. Tangazo haliruhusiwi kuhakikishia mtu ajira. Unachoweza ni kuwaita hao waajiri waingie kwenye kamati ya ushauri ya programu, wakwambie wanataka PSW ajue nini, na waje kuongea na darasa. Baadaye chuo kitatakiwa kutoa takwimu zake, wangapi wamemaliza, wangapi wamepata kazi, na zinachapishwa. Hizo zitakutangaza vizuri kuliko maneno yoyote. Waambie pia wanafunzi kuhusu daftari la PSW la HSCPOA, mamlaka ya Ontario inayosimamia wahudumu hawa, limeanza tarehe 1 Desemba 2024, kujiandikisha ni hiari, lakini mtu wa cheti cha besimenti ataingilia wapi?

OSAP ni idhini nyingine kabisa, usajili hauileti. Chuo kipya kisijengee hesabu zake hapo, na usithubutu kumwambia mwanafunzi OSAP inakuja wakati haijaja. Wekeni malipo ya awamu yaliyoandikwa kwenye mkataba, mtu ajue analipa lini na kiasi gani.

Jengo msisaini wiki hii. Kwanza nendeni ofisi ya mipango miji ya Brampton mkaulize kama eneo hilo linaruhusu shule, kuna plaza nyingi zinaruhusu ofisi na haziruhusu darasa. Pili muulize zimamoto, milango ya kutokea, idadi ya watu. Tatu, kama mmependa kweli, mwanasheria awaandikie kipengele kwamba mkataba wa pango unaanza kazi baada ya chuo kusajiliwa, na kwamba mnaweza kutoka bila deni kama usajili umekataliwa. Mwenye nyumba atalalamika, mwacheni alalamike, wapo wanaokubali. Bila hicho kipengele mtalipa kodi ya jengo tupu miezi mnayosubiri majibu, na ndo hapo mtu anaanza kushawishika kupokea advansi.

Ukishaiprinti O. Reg. 415/06 na kuipitia, njoo na maswali hapa hapa, kila mtu afaidike. Na rasimu ya makubaliano ya fildi ukiipata kutoka kwa mkurugenzi wako niangalizie kwanza kipengele cha bima na cha nani anamsimamia mwanafunzi zamu ya usiku.

MamaSalum_Brampton

Nina zamu kesho asubuhi, mkurugenzi anakuwepo. Naanza na hilo la fildi.